Kukiachia chuo chako urithi kwa ajili ya maelewano ya dini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga mhitimu wa chuo cha Afrika Mashariki, aliyeko nyumbani au aliyehamia ng'ambo, anayefikiria kukitaja chuo chake katika wosia au wakfu ili fedha hizo ziwasaidie wanafunzi wa dini tofauti kuelewana. Hayachukui nafasi ya wakili, wala ya sheikh au padri wako. Yatakusaidia kujua uwaulize nini.

Urithi huu una tofauti gani na mchango tunaochangishwa kila mwaka?

Mchango wa kila mwaka unatoka mfukoni leo na kwa kawaida unaliwa leoleo: tisheti za mahafali, rangi ya ukumbi, kiingilio cha mashindano. Urithi unatoka katika mali yako ukishafariki, au katika wakfu ulioufunga ungali hai. Waweza kutaja kiasi maalumu cha fedha, asilimia ya mali itakayobaki, kiwanja, nyumba ya kupangisha, hisa, au ukakiandika chuo kuwa mnufaika wa bima yako ya maisha. Hiyo ya bima watu wengi huisahau, na ndiyo isiyomgusa mtoto wala mjane katika nyumba anayoishi.

Kwa nini maelewano ya dini? Chuo changu hakina hata maabara ya kutosha.

Kama roho yako iko kwenye maabara, toa kwa maabara. Hakuna ubaya. Ila maabara huwa na wafadhili wengi, na jambo hili halina.

Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawatenganisha wanafunzi kwa dini zao, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Desemba mwaka huohuo basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa, abiria Waislamu wakaamriwa wajitenge na Wakristo, wakakataa. Mwalimu Salah Farah alikuwa mmoja wao. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Katika matukio hayo mawili wauaji walitaka kitu kilekile, yaani watu wajipange kwa dini. Lililotofautiana ni namna abiria wa Mandera walivyopata nafasi ya kukataa, na wakaitumia.

Sisemi mfuko wa chuo unazuia bunduki. Nasema yapo mambo madogo yanayotangulia. Huku Tanzania, Februari 2013, ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuza buchani ulifika hadi mchungaji kuuawa Buseresere, Geita. Vyuoni ugomvi wetu bado ni wa ratiba na jiko: mtihani uliopangwa Ijumaa saa saba mchana, mtihani mwingine Jumamosi wakati Waadventista wako ibadani, sufuria moja ya kantini inayodaiwa ilipikiwa kitimoto, spika za mkesha wa maombi zinazoelekezwa bwenini. TAMSYA ya wanafunzi Waislamu wana mkutano wao, UKWATA ya Waprotestanti wao, CASFETA ya Wapentekoste wao, TMCS ya Wakatoliki wao, na mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu bila kukaa nao kikao kimoja wote kwa pamoja. Hapo ndipo fedha kidogo inaweza kufanya kazi kubwa.

Kuna mtu aliyewahi kuacha urithi wa namna hii ukadumu?

Yupo, na ninamrudia mara nyingi kwa sababu ya jinsi alivyoandika. Adam Gifford alikuwa jaji wa Scotland, mzaliwa wa Edinburgh. Alifariki Januari 1887, na wosia wake ulitoa pauni 80,000 kwa vyuo vikuu vinne: Edinburgh 25,000, Glasgow 20,000, Aberdeen 20,000 na St Andrews 15,000. Fedha hizo zilikuwa za mihadhara ya wazi kuhusu Mungu na elimu ya dini inayofikiwa kwa akili ya binadamu. Mihadhara ilianza 1888 na ipo mpaka leo.

Angalia alichokifanya. Wakati ambao Scotland ilikuwa imegawanyika kwa makanisa, aliandika kwamba mhadhiri anaweza kuwa wa dhehebu lolote, au asiwe na dhehebu kabisa, na asilazimishwe kula kiapo chochote cha imani. Alichodai ni kwamba awe mtu makini, mtafuta ukweli wa dhati. Hakuorodhesha dini zinazoruhusiwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 1981 Seyyed Hossein Nasr, mwanazuoni Muislamu mzaliwa wa Iran, alitoa mihadhara hiyo Edinburgh bila kifungu hata kimoja kubadilishwa. Gifford alikuwa kaburini miaka 94. Kama angeandika "wahadhiri wa madhehebu ya Kikristo", jambo ambalo mwaka 1885 lisingemshangaza mtu, chuo kingehitaji kwenda mahakamani kwanza.

Mwingine ni H. N. Spalding, mhitimu wa Oxford, ambaye yeye alitoa angali hai. Aligharimia kiti cha uprofesa wa dini na maadili ya Mashariki chuoni hapo, na wa kwanza kukikalia, mwaka 1936, alikuwa Sarvepalli Radhakrishnan, Mhindu, aliyekuja kuwa Rais wa India mwaka 1962.

Mimi ni Muislamu. Naweza kuusia kiasi gani?

Mwisho ni theluthi moja ya mali inayobaki baada ya madeni na gharama za maziko. Msingi wake ni hadithi ya Saad bin Abi Waqqas, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Aliugua, akataka kutoa theluthi mbili ya mali yake sadaka, akakataliwa, akataka nusu, akakataliwa, akasema theluthi. Mtume (s.a.w.) akamjibu: theluthi, na theluthi ni nyingi, kuwaacha warithi wako wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiomba watu.

Kwa hiyo ukiona theluthi nzima ni nyingi kwa familia yako, sunna iko upande wako. Andika sehemu ya kumi, au ya ishirini. Ukizidisha theluthi, ziada hiyo haipiti mpaka warithi waridhie, na ridhaa inayozingatiwa na wanazuoni wengi ni ile ya baada ya wewe kufariki, si ile waliyokupa kwa aibu mezani.

Je, ni sawa mali yangu kuwanufaisha wanafunzi wasio Waislamu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na halistahili kuulizwa hivyo. Wanazuoni wengi wanakubali wasia kwa asiye Muislamu anayeishi nasi kwa amani. Imesimuliwa kwamba Bibi Safiyya, mke wa Mtume, alimuusia jamaa yake aliyekuwa Myahudi. Wanachokataa ni mali ya Muislamu kugharimia ibada ya dini nyingine. Ada ya mwanafunzi, kitabu cha maktaba, chakula cha pamoja na posho ya mhadhiri haviko katika kundi hilo. Ujenzi wa kanisa la chuo uko. Mpelekee sheikh wako rasimu yenyewe aisome, usimwelezee kwa mdomo tu.

Wakfu unafaa zaidi kuliko wosia?

Mara nyingi, ndiyo, hasa ukiwa na nyumba ya kupangisha. Umar bin Khattab alipopata ardhi Khaybar na kuuliza aifanye nini, aliambiwa azuie asili yake na atoe sadaka matunda yake: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Hiyo ndiyo sura ya wakfu mpaka leo. Wakfu ulioufunga ukiwa mzima haubanwi na theluthi, unauona ukifanya kazi, na unaweza kurekebisha usimamizi wake kabla hujaondoka. Waulize Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama uko Zanzibar, au Makamishna wa Wakfu walioko Mombasa kama uko Kenya, utaratibu wa kusajili.

Jambo moja usilipuuze: fedha taslimu. Ofisi ya fedha ya chuo, ikiachwa huru, itaziweka kwenye akaunti ya muda maalumu yenye riba, si kwa ubaya, ndivyo walivyozoea. Kama hutaki riba, andika hivyo kwenye hati na utaje njia mbadala: jengo la kupangisha, hisa za kampuni zinazokubalika, sukuk (hati za uwekezaji za Kiislamu zisizo na riba).

Mimi ni Mkristo. Je, nami nina kikomo?

Dini yako haikuwekei theluthi, lakini sheria ina mambo yake.

Kenya, Sheria ya Urithi (Sura ya 160) inakupa uhuru wa kugawa mali yako kwa wosia ulioandikwa, ukatiwa sahihi, ukashuhudiwa na watu wawili au zaidi. Shahidi asiwe mnufaika, la sivyo alichoachiwa kinabatilika isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili huru. Na uhuru huo hauondoi haki ya wanaokutegemea: mke au mtoto uliyemnyima anaweza kwenda mahakamani chini ya kifungu cha 26, na hakimu akalipunguza fungu la chuo. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili na unadumu miezi mitatu tu. Ukiishi zaidi ya hapo, wosia huo unakufa kabla yako.

Tanzania Bara, Wakristo ambao maisha yao hayafuati mila huangukia Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika. Sheria hiyo ina kifungu cha 105 ambacho wahitimu wengi, hata mawakili kadhaa, hawajakisoma. Kinasema mtu mwenye mpwa au ndugu wa karibu zaidi ya huyo hawezi kuusia mali kwa kusudi la dini au hisani, isipokuwa wosia uwe umeandikwa angalau miezi 12 kabla ya kifo na kuwekwa, ndani ya miezi sita tangu uandikwe, mahali palipowekwa kisheria kutunzia wosia. Mwulize wakili wako waziwazi: "Kifungu cha 105 kinanihusu?" Hata akisema hapana, fuata masharti yake. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanatunza wosia. Andika mapema, upeleke, uchukue stakabadhi.

Kama mambo yako yanaendeshwa kimila, tangazo la sheria za mila la 1963 linadai mashahidi wanaojua kusoma na kuandika: wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, kama wewe mwenyewe unajua kusoma na kuandika, wanne kama hujui. Shamba la ukoo usiliguse. Hata karatasi ikiwa safi, chuo hakitaweza kukaa pale kijijini kwa amani.

Familia yangu itasemaje?

Itasema ulichoilea iseme. Urithi mwingi wa vyuo haufii mahakamani, unafia sebuleni baada ya arobaini, pale mjomba anaposimama na kuuliza chuo kilimzaa nani. Waambie wakiwa wamekaa wote, na wewe ukiwa na afya. Taja kiasi. Eleza kwa nini. Anayenung'unika atanung'unika mbele yako, ambapo unaweza kumjibu. Na msimamizi wa mirathi asiwe yule mtoto unayejua hakubaliani na jambo hili. Unampa mtihani usio na lazima.

Chuo changu ni cha dini moja. Je, si kinyume?

Si kinyume, na pengine ndiko fedha hiyo inakohitajika zaidi. Chuo Kikuu cha St Paul's, Limuru, ni cha makanisa, na kinafundisha shahada ya uzamili ya Uislamu na uhusiano wa Wakristo na Waislamu. Upande wa pili, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza 2005 katika majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO, na aliyeyakabidhi alikuwa Rais Benjamin Mkapa, Mkatoliki. Yale yalikuwa mali ya umma, hayakuwa yake binafsi, lakini Waislamu wengi wanamkumbuka kwa hilo, na si Waislamu wa Morogoro pekee.

Chuo cha dini kina haki ya kubaki cha dini. Usiandike sharti linalokitaka kibadilike kisiwe chenyewe. Kitakubali fedha kwa tabasamu kisha kitaziacha zilale.

Fedha zifanye nini hasa?

Hapa nina msimamo, na nimeuona ukipingwa na watu ninaowaheshimu: usijenge. Jengo la "kituo cha mazungumzo ya dini" hupendeza siku ya kukata utepe. Baada ya miaka mitano limekuwa ofisi ya manunuzi.

Makongamano nayo hayanivutii sana. Sheikh anakaribishwa, askofu anakaribishwa, kila mmoja anasema dini yake ni ya amani, soda zinagawiwa, watu wanaondoka na wale waliokuja nao. Wakubwa hao tayari wanaelewana. Wengine ni marafiki wa miaka mingi. Wasioelewana ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliotoka shule za seminari, za Kiislamu na za Kikristo, ambao hawajawahi kulala chumba kimoja na mtu wa dini nyingine.

Kwa hiyo lipia watu, na lipia muda. Mhadhiri anayefundisha somo la dini za Afrika Mashariki kila mwaka, lenye mtihani na alama, kwa sababu mwanafunzi husoma kinachohesabiwa. Ufadhili kwa jozi za wanafunzi wa dini tofauti wanaofanya utafiti mmoja: kesi za mirathi za ndoa mchanganyiko, jinsi vijiji vya Pwani vinavyozikana, historia ya shule za misheni na madrasa katika wilaya moja. Futari ya pamoja ambayo Wakristo ndio wanaopika, jiko likikaguliwa na Waislamu wenyewe tangu ununuzi wa nyama. Hii ya mwisho inaonekana ndogo mpaka uifanye. Kuna kumtafuta mchinjaji, kuna kuuliza kama siki hii ina pombe, kuna kijana wa TMCS anayegundua saa kumi na moja jioni kwamba hajui adhana ya magharibi ni saa ngapi na tende bado ziko sokoni. Mambo hayo wanalazimika kuulizana wao kwa wao. Pasaka inayofuata wanageuziana zamu.

Na uwaachie nafasi wasio na dini, na wale wa dini za jadi. Wapo, hata kama fomu ya usajili haina kisanduku chao.

Kiasi gani kinatosha kuanzia?

Mfuko wa kudumu unatumia mapato, mtaji haugusi. Vyuo vingi vya nje hutumia kama asilimia 4 hadi 5 ya mfuko kwa mwaka na kuacha yanayobaki yapambane na mfumuko wa bei. Kwa asilimia 4, shilingi milioni 50 za Tanzania zinazaa milioni 2 kwa mwaka. Hizo hazimlipi mhadhiri, lakini zinatosha kuendesha futari na utafiti wa jozi chache. Ukitaka kiti cha mhadhiri, ungana na darasa lenu. Watu ishirini wakiandika kila mmoja asilimia tano ya mali yake, mnafika. Kama chuo kina Baraza la Masajili au jumuiya ya wahitimu, anzieni hapo.

Nitajuaje kwamba fedha hazitatumika kuhubiri?

Kwa kuandika. Weka sharti kwamba fedha hazitumiki kumshawishi yeyote abadili dini, wala kuchanganya ibada. Hofu zote mbili zipo: Muislamu anaogopa mtoto wake atabatizwa, Mkristo anaogopa mtoto wake atasilimishwa, na wote wawili wanaogopa dini mpya ya mchanganyiko. Sentensi moja inawatuliza wote.

Nani azishike?

Chuo chenyewe, kama kina mfuko wa wakfu wenye hesabu zinazokaguliwa na kutolewa kila mwaka. Omba hesabu hizo kabla ya kuandika wosia. Namna utakavyojibiwa itakueleza mengi. Vinginevyo, wahitimu wanaweza kusajili bodi ya wadhamini, kwa Tanzania RITA chini ya sheria ya wadhamini (Sura ya 318), na bodi ikalipa chuo mwaka kwa mwaka. Wadhamini wawe wa dini zaidi ya moja.

Naishi Uingereza au Marekani. Je?

Uingereza, mali inayozidi pauni 325,000 hutozwa kodi ya urithi ya asilimia 40. Kinachokwenda kwa asasi ya hisani hakitozwi, na ukitoa angalau asilimia 10 ya mali inayostahili kodi, kiwango kwa inayobaki hushuka hadi 36. Lakini tangu Aprili 2024 nafuu hiyo ni kwa asasi za Uingereza peke yake. Ukimwandikia msimamizi apeleke fedha moja kwa moja Dar es Salaam au Kampala, mtoza kodi anachukua chake kwanza. Pitia asasi iliyosajiliwa huko ambayo kazi yake inaruhusu kukisaidia chuo chako.

Marekani, akaunti ya kustaafu haifuati wosia, inafuata fomu ya mnufaika. Kuibadilisha fomu hiyo mara nyingi hakuhitaji wakili. Hakikisha tu uliyemtaja ni asasi inayotambuliwa huko.

Sitaki jina langu litajwe.

Sawa. Kituo cha utafiti wa dini za ulimwengu cha Harvard kimetokana na fedha za watu wachache walioomba wasitajwe, wakiitaka shule ya theolojia mwaka 1957 ianzishe uprofesa wa fani hiyo. Kwa jambo hili kuficha jina kuna faida ya ziada: mfuko wenye jina la ukoo unaojulikana kuwa wa dini fulani huanza na mzigo.

Niandike maneno gani?

Mfano, wa kupeleka kwa wakili:

"Natoa asilimia kumi ya mali yangu itakayobaki baada ya kulipwa madeni na gharama za mazishi kwa (jina kamili la chuo kama lilivyosajiliwa), iwekwe katika mfuko wa kudumu. Mapato yake yatumike kuwawezesha wanafunzi wa dini mbalimbali, na wasio na dini, kujifunza na kufanya kazi pamoja. Yasitumike kumshawishi mtu yeyote kubadili dini. Endapo kusudi hili haliwezekani tena, au chuo kimefungwa au kuunganishwa na kingine, mapato yatumike kwa kusudi lililo karibu zaidi na hili, katika chuo kitakachochaguliwa na wadhamini."

Sentensi ya mwisho usiifute ili kufupisha. Vyuo hubadili majina, huungana, hufungiwa usajili.

Nikibadili mawazo?

Wosia ni wako mpaka pumzi ya mwisho: andika mwingine, ufute wa kwanza kwa maandishi, uchukue nakala zote za zamani. Wakfu uliokwisha kufungwa haurudi. Kama bado unasita, anza na wosia.